Mfuko wa kitenge na mafua yasiyoisha: uchambuzi wa kisa kimoja cha aleji, Tanga

Mgonjwa ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, mwanamke wa miaka 41. Jina lake halimo humu, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Mimi ni mfamasia, si daktari; yaliyofanyika hospitali nayaeleza kama yalivyokuwa kwenye barua aliyorudi nayo.

Tatizo lilimwanza miaka sita nyuma. Akiamka tu, kabla hajashusha miguu kitandani, chafya zinamshika mfululizo mpaka mbavu zinamuuma. Kamasi jepesi halikatiki. Usiku pua inaziba, mara upande huu mara ule, macho na kaakaa vinawasha. Hana homa wala makohozi ya njano. Masika ikiingia hali inazidi, na siku akifungua robota la vitenge vipya ndiyo haifai kabisa. Utotoni aliugua pumu ikaja kupoa. Mwaka jana kifua kilianza tena kumbana usiku.

Mwanzoni alitumia Piriton, kama wengi wetu. Chafya zilipungua, lakini dawa ilimlaza. Alasiri moja akiwa anashona sare za shule, usingizi ulimpitia sekunde moja tu na sindano ya cherehani ikapenya ukucha wa kidole cha shahada. Alama bado ipo, mstari mweupe katikati ya ukucha. Kuanzia siku hiyo aliapa kuachana na dawa za kemikali, akageukia za asili.

Uamuzi ule naukubali. Mtu anayekula kwa vidole na macho yake hawezi kuendesha cherehani huku anasinzia. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba ndani ya jamii ileile ya dawa kuna setirizini na loratadini, ambazo usingizi wake ni mdogo zaidi, loratadini hasa. Hakuna aliyemwambia, akaenda kutafuta mwenyewe, na akakuta soko limemsubiri.

Dukani alikuja kununua matone ya kuzibua pua. Nilipoona anaomba chupa tatu kwa mkupuo, nikamwomba arudi na kila kitu anachotumia kwa ajili ya aleji, hata kama anaona ni chakula tu. Alirudi na mfuko wa kitenge alioushona mwenyewe, akaanza kutoa kimoja kimoja juu ya kaunta. "Dokta, vyote hivi ni vya asili," akaniambia, "havina kemikali."

Niseme msimamo wangu mapema. Swali la asili au kemikali halikumsaidia huyu mama kwa lolote katika miaka yote hiyo. Lililomsaidia ni kuchukua kila kitu peke yake na kukiuliza: kinafanya nini puani, kwa kiasi gani, na ndani yake kuna nini hasa?

Kinachotokea puani

Mwili wa mwenye aleji umetengeneza kingamwili, yaani chembe za ulinzi, za aina ya IgE dhidi ya kitu ambacho kwa wengine hakina shida, mathalani chavua au kinyesi cha utitiri wa vumbi, mdudu mdogo sana anayeishi matandikoni. Kingamwili hizo hukaa juu ya seli za masti zilizotanda kwenye utando wa pua. Kitu chenyewe kikivutwa ndani, seli zinamwaga kemikali iitwayo histamini kwa dakika chache: hapo ndipo panapotoka chafya, muwasho na kamasi. Saa kadhaa baadaye linafuata wimbi la pili, uvimbe, na uvimbe ndio unaoziba pua usiku. Ndiyo maana vidonge vya kuzuia histamini vinatuliza chafya vizuri lakini pua iliyoziba vinaigusa kidogo. Kwa mtu kama huyu, ambaye kero yake kubwa ni kuziba, kila dawa, ya mti au ya kiwandani, inapimwa hapo kwenye uvimbe.

Vilivyotoka mfukoni

Cha kwanza kilikuwa chupa ya mafuta ya habasoda. Pwani yetu hakuna nyumba isiyoyajua, na imani juu yake ina mizizi kwenye hadithi ya Mtume, kwa hiyo sikuyagusa kwa dharau na sioni sababu ya kuyadharau. Habasoda imepimwa kwa wagonjwa wa aleji. Ujerumani mwaka 2003 ilichapishwa kazi iliyohusisha wagonjwa 152 waliopewa vidonge vya mafuta haya kwa kufuata uzito wa mwili, na dalili zao zilipungua. Mwaka 2011 Iran nayo ikatoa utafiti wa wagonjwa 66 wa mafua ya aleji, nao ukaonyesha nafuu kwenye kuziba pua, muwasho na chafya. Ni tafiti ndogo, lakini si maneno ya barazani. Nilimwambia aendelee na kijiko kimoja cha chai kwa siku pamoja na chakula, akijua kwamba habasoda huweza kushusha sukari na presha, jambo la kumwambia daktari endapo ataanzishiwa dawa za maradhi hayo.

Ila alikuwa pia akiyadondoshea puani kila usiku akiwa amelala chali. Hilo nilimwomba aliache siku hiyohiyo. Mafuta yakishuka kidogo kidogo kutoka puani kwenda mapafuni usiku baada ya usiku, mapafu hayana njia ya kuyayeyusha, na yanaweza kuleta nimonia ya mafuta. Kwa mtu ambaye kifua tayari kinambana, ni hatari isiyo na sababu.

Kilichofuata ni asali ya nyuki wadogo, ya bei ghali, kutoka Handeni. Aliambiwa kwamba asali ya eneo lako ina chavua ya eneo lako, na ukiila kidogo kidogo mwili unaizoea. Hoja inavutia, na kwa sura inafanana na tiba halisi ya kuuzoesha mwili kwa dozi zinazopandishwa polepole. Tatizo ni kwamba nyuki huchukua chavua nzito ya maua, ilhali chavua inayosumbua pua za watu kwa kawaida ni nyepesi, ya nyasi na miti inayotegemea upepo. Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kiliwahi kuwagawa watu 36 katika makundi matatu: asali mbichi ya eneo lao, asali ya kawaida ya dukani, na sharubati iliyotiwa ladha ya asali. Matokeo ya mwaka 2002 hayakuonyesha tofauti. Malaysia mwaka 2013 utafiti wa wagonjwa 40 ulionyesha nafuu, lakini angalia dozi: gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kila siku, kwa wiki 4, tena juu ya loratadini. Kwa mama wa kilo 78 hiyo ni asali gramu 78 kila siku. Na kwa yeye hasa, kama chanzo ni utitiri wa kitandani, asali ya eneo lolote haina utitiri ndani yake. Nikamwambia ale asali kwa sababu anaipenda, na kwa koo linalowasha inafaa kweli. Asiihesabu kama dawa ya pua.

Chupa ya chai ya tangawizi na mchaichai haikunipa shida. Thailand mwaka 2020 walilinganisha dondoo la tangawizi la miligramu 500 na loratadini ya miligramu 10 kwa wagonjwa 80, wiki 6, na makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Hakukuwa na kundi la tatu lililopewa kidonge kisicho na dawa, kwa hiyo usifike mbali sana na matokeo hayo, na dondoo la kwenye kidonge si sawa na vipande vitatu vya tangawizi kwenye birika. Lakini kikombe cha moto kinalainisha kamasi na hakimdhuru. Abaki nacho.

Vidonge vya vitamini C na vya kwasetini aliuziwa pamoja kwa bei ambayo sitaiandika, maana inaniuma. Kwasetini imo kwenye vitunguu na tufaha. Maabarani imeonyeshwa kuzituliza seli za masti, ila tumboni hainyonywi vizuri na ushahidi kwa watu bado ni hafifu. Vikiisha asinunue tena. Kopo la mafuta ya mentholi nalo lilikuwepo: mentholi huamsha kipokezi cha ubaridi kwenye neva, mtu anahisi hewa inapita wakati njia ya pua ina upana uleule. Apake kifuani kama inampa raha ya kulala, asitie ndani ya pua.

Kopo lililofuata ndilo lililonifanya nisimamishe mazungumzo. Vidonge vya chavua ya nyuki na gundi ya nyuki, kutoka nje, vinauzwa mkono kwa mkono na watu wanaokusanya wateja nyumba kwa nyumba. Nikamuuliza kama anahisi chochote akivimeza. "Kaakaa linawasha kidogo na midomo inakuwa mizito, lakini niliambiwa ndiyo dawa inapambana na ugonjwa." Hapana. Hiyo ni aleji ya kile kidonge chenyewe, na kwa mwenye pumu ni onyo la kutosha. Mazao ya mzinga yenye chavua yamewahi kusababisha mshtuko wa mzio, yaani aleji kali ya mwili mzima, na Australia miaka ya 1990 binti wa miaka 11 mwenye pumu alifariki baada ya kula maziwa ya malkia wa nyuki. Mtu yeyote akikwambia kuwashwa na kuvimba midomo ni dalili ya dawa kufanya kazi, weka kopo chini. Na ukivimba ulimi, ukakosa pumzi au ukahisi kuzirai, unapelekwa hospitali muda huohuo kwa sindano ya adrenalini. Chai, mvuke na vidonge vya aina yoyote havitoshi hapo.

Matone ya pua yeye hakuyahesabu kabisa kama dawa, kwake yalikuwa "maji ya pua tu." Yalikuwa oksimetazolini, dawa inayobana mishipa ya damu ya puani na kuizibua kwa dakika chache. Inafaa kwa siku 3, siku 5 zikizidi sana. Yeye ameitumia miezi minane. Ikitumiwa hivyo, mishipa hutanuka upya kila dawa inapoisha, pua inaziba kuliko mwanzo, mtu anaongeza matone. Sehemu ya kuziba kwake kwa usiku ilikuwa inatoka kwenye ile chupa.

Unga wa kahawia

Cha mwisho kabisa alikitoa kama mtu anayetoa dhahabu. Unga wa kahawia uliofungwa kwenye karatasi ya daftari, mchungu, kijiko kimoja asubuhi. Alipewa na muuzaji anayezunguka, aliyemwambia ni mchanganyiko wa mizizi ya aleji na pumu. "Huu ndio ulionisaidia, dokta. Siku ya pili tu pua ikafunguka, na kifua, na hata goti lililokuwa likiniuma likapona."

Alipokuwa anaikunja tena ile karatasi, mkono wa gauni ulipanda juu kidogo. Ndani ya kigasha kulikuwa na michubuko mitatu ya zambarau, na ngozi imekuwa nyembamba kiasi cha mishipa kuonekana. Nikamtazama uso vizuri zaidi. Ulikuwa wa duara, mashavu yamejaa, wakati mikono na miguu imekonda. Nikamuuliza kuhusu ngazi: anapanda kwa kujishika, mapaja hayana nguvu. Hedhi imevurugika. Gauni alilolishona mwaka jana halifungi kiunoni. Yote hayo yameanza ndani ya miezi saba ambayo amekuwa akila unga.

Kisha akaniambia jambo lililonitisha kuliko yote. Akiukosa unga siku tatu, viungo vyote vinamuuma, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, hawezi kuinuka. Yeye aliona ni ugonjwa unarudi kwa hasira.

Kuna dawa moja tu ninayoifahamu inayofungua pua, kifua na goti kwa siku mbili, kisha ikaleta uso wa duara, na ikiachwa ghafla ikamwangusha mtu namna hiyo: steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni au prednisoloni. Ni ghali kuagiza? Hapana. Ni vidonge rahisi, vinasagika, havina harufu. Kuchanganya steroidi kwenye dawa zinazoitwa za miti ni udanganyifu uliogunduliwa katika nchi nyingi, na unawaangukia zaidi watu wa pumu, aleji na baridi yabisi, kwa sababu hao ndio wanaopata nafuu ya haraka na kurudi kununua.

Mtu akisoma hapa atasema: basi aache mara moja. La. Mwili unaopewa steroidi kutoka nje kwa miezi hulegeza tezi za juu ya figo zinazotengeneza kortisoli, steroidi ya mwili wenyewe. Ukikata ghafla, mwili hauna kortisoli ya nje wala ya ndani. Presha inashuka, mtu anatapika, anaweza kufa. Nilimwambia asiache wala asiongeze, nikaandika barua, akaenda kwa daktari siku ileile akiwa na ile karatasi mkononi. Barua iliyorudi ilisema sukari ya kufunga ni 8.4, presha 152 kwa 96, na kortisoli ya asubuhi iko chini sana. Unga ulisimamishwa na badala yake akawekewa prednisoloni ya dozi inayojulikana, ipunguzwe kidogo kidogo kwa miezi huku akipimwa. Taarifa ya unga ilipelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Sitaki kisa hiki kisomwe kama shitaka dhidi ya waganga. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na Muhimbili ina taasisi nzima inayochunguza mimea yetu, kazi iliyoanza 1974. Mganga aliyesajiliwa ana jina na mahali, na dawa yake ina lebo: mmea gani, nani ametengeneza, lini, inaisha lini. Karatasi ya daftari haina hata kimoja. Muuzaji yule alishahama mtaa.

Maji ya chumvi

Kitu chenye ushahidi mzuri zaidi katika tiba zote za asili za pua hakikuwemo mfukoni. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni jambo la kale, wenye yoga wa India wamelifanya tangu zamani, na mwaka 2018 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 14 zenye watu 747, watu wazima na watoto, wakakuta linaweza kupunguza ukali wa dalili mpaka miezi mitatu bila madhara ya kutisha. Walikiri kwamba ubora wa tafiti ni mdogo. Lakini utendaji wake unaeleweka bila mzunguko: maji yanabeba vumbi, kinyesi cha utitiri na kamasi lenye histamini, yanatoka nayo.

Aliniuliza swali zuri. "Mbona kila nikitawadha napaliza maji puani, mara tano kwa siku, na bado naumwa?" Maji ya udhu ni ya kiganja, hufika mwanzo wa pua na kurudi, na hayana chumvi, kwa hiyo ukiyavuta mbele zaidi yanachoma. Haya ya tiba ni mengi, yana chumvi inayokaribia ya mwili, hivyo hayachomi, na yanaingia tundu moja mpaka yatokee la pili.

Tulitengeneza pamoja nyuma ya kaunta. Nusu lita ya maji yaliyochemka yakiporomosha kwa dakika nzima, yakaachwa yapoe mpaka uvuguvugu. Kijiko cha chai kimoja cha chumvi kisichojazwa kilima, nusu kijiko cha bekingi soda. Bekingi soda, si magadi: magadi ni makali zaidi na yataunguza utando wa pua, na najua jikoni kwetu vitu hivi viwili hukaa kopo moja. Chumvi ya dukani yenye madini joto inaweza kuwasha kidogo. Ikiwasha, tafuta isiyotiwa. Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Unainama juu ya karai, kichwa kimeelekea upande, mdomo wazi, unapumua kwa mdomo, unasukuma taratibu tundu la juu. Mara ya kwanza alikohoa na kucheka. Mara ya tatu maji yalipita, yakatoka na uzi mrefu wa kamasi wenye nyuzinyuzi za rangi ya kitenge cha bluu alichokuwa akikikata asubuhi ile. Alilitazama karai kwa muda.

Kuchemsha maji si urembo. Mwaka 2011 watu wawili wa Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na ameba iitwayo Naegleria fowleri, ambayo hupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Haiui ikinywewa, inaua ikisukumwa juu ya pua. Maji ya kisima, ya tangi na ya mvua yote yachemshwe. Bomba lioshwe kwa maji hayohayo na likaushwe, na yaliyobaki siku ya pili yamwagwe.

Dodoma na mto wa sufi

Chanzo tulikipata kwenye harusi. Alikuwa amekwenda Dodoma wiki mbili kumwoza mdogo wake, na huko aliamka kila siku bila chafya moja. Yeye alisema hewa ya Dodoma ni nzuri. Nilimuuliza alilalia nini. Godoro jipya na mto wa sponji.

Nyumbani Tanga analalia mto wa sufi aliourithi kwa mama yake, umri wake unamzidi mwanawe wa kwanza. Utitiri wa vumbi ni mdudu wa robo hadi theluthi ya milimita, hula magamba ya ngozi tunayopukutisha, na hanywi maji: hunyonya unyevu wa hewani. Hewa ikibaki kwa muda mrefu na chini ya nusu ya unyevu inaoweza kubeba, anakufa. Dodoma ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tanga ni pwani, na masika ndiyo sikukuu ya mdudu huyu. Chafya za alfajiri kitandani, kuzidi kwa masika, nafuu ya Dodoma: daktari hakuhitaji kipimo cha ngozi ili kuukisia utitiri, na aliandika hivyo.

Mto wa mama uliondoka chumbani, haukutupwa. Umefungwa kwenye sanduku la sebuleni. Shuka na foronya zinalowekwa kwenye maji ya moto kila wiki, maana utitiri hufa kwenye nyuzi joto 60, kisha zinaanikwa jua kali. Vipande vya vitambaa vilivyojazwa chini ya kitanda vilihamia kibandani. Sakafu inapigwa deki badala ya kufagiwa. Kwenye meza ya kukatia anavaa barakoa, na vitenge vipya vinatundikwa barazani usiku mmoja kwanza. Niwe mkweli kwamba kubadili mto peke yake, kwenye tafiti, mara nyingi hakutoshi. Nafuu huja mambo kadhaa yakifanywa pamoja.

Ubani ulikuwa mzito kuzungumza. Kila magharibi alifukiza chumba, milango imefungwa, ili kutoa ugonjwa. Moshi ni moshi kwa pua iliyovimba na kifua chenye pumu, uwe wa ubani, udi au dawa ya mbu. Tulikubaliana afukize nguo na uani, chumba cha kulala kibaki bila moshi.

Ilivyoendelea

Daktari alimwandikia dawa ya kupuliza puani yenye steroidi kidogo, flutikasoni, ambayo ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote kwa pua iliyoziba kwa aleji. Aliposikia neno steroidi alitaka kuikataa, na nilimwelewa. Lakini kinachopulizwa hapo kinapimwa kwa maikrogramu, kinafanya kazi palepale puani, na kinachofika kwenye damu ni kidogo sana; unga ule ulikuwa unaingia mwili mzima kwa kiasi ambacho hata muuzaji hakukijua. Anasafisha kwa maji ya chumvi kwanza, anasubiri kidogo, ndipo anapuliza, ncha imeelekea upande wa sikio na si katikati ya pua. Haizibui papo hapo. Inataka siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, na hapo ndipo wengi huitupa. Matone ya oksimetazolini aliacha tundu la kulia kwanza, wiki iliyofuata la kushoto. Usiku nne za mwanzo alilala ameketi, akanipigia simu kulalamika. Kwa siku za chafya ana loratadini. Kwa pumu alipewa kipulizi cha kifuani.

Baada ya miezi minne ya tiba chafya za asubuhi zimebaki mbili tatu, siku nyingine hakuna. Sukari ya kufunga imeshuka hadi 6.1. Uso umeanza kurudi, michubuko haiji mipya, mapaja bado hayajapata nguvu zake zote. Prednisoloni haijaisha, na ndani ya pochi anabeba kadi inayosema anatumia steroidi, ili akitapika, akipata homa kali au ajali, atakayempokea ajue anahitaji dozi ya ziada. Kwenye mfuko wa kitenge vimebaki habasoda, asali na tangawizi. Vidonge vya chavua na gundi ya nyuki vilikusanywa dukani viteketezwe, na salio la unga lilikwenda pamoja na taarifa.

Binti yake wa miaka tisa naye ameanza kupiga chafya asubuhi, na jirani amemshauri amfunike shuka juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi yanayochemka. Tumekubaliana asifanye: watoto huungua vibaya kwa sufuria hizo, na mafuta ya mkaratusi yakimezwa hata kidogo ni sumu. Mtoto amebadilishiwa mto, anajifunza maji ya chumvi kwa bomba dogo la mililita 10, na ana miadi ya kusikilizwa kifua kabla masika haijaingia. Mama yake hatasubiri mvua: dawa ya puani ataitumia kila siku kuanzia wiki mbili kabla.